Foleni ya Simu za Sengerema

Mjukuu wangu Neema anafanya kazi kwenye kampuni moja ya mtandao hapa Mwanza. Juzi alikuja kunisalimia nyumbani kwangu Nyakato, na tulipokuwa tunakunywa chai akanieleza jambo linalowagombanisha ofisini kwao. Kuna wateja wakubwa wanaotaka vitu vyao vipite haraka mtandaoni na vya wengine visubiri. Wenzake wengine wanasema sawa tu, kwani si wanalipa. Wengine wanasema serikali iingie kati, iwe ndiyo inayoamua kipi kipite na kipi kisipite. Neema akasema, "Bibi, haya mambo ni mapya, hata wakubwa wetu wanababaika."

Nikamwambia akae vizuri. Haya mambo si mapya. Mimi niliyaona mwanzoni mwa miaka ya tisini, ndani ya chumba cha swichibodi, wakati wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Na nilimwona mwanamke mmoja akiyakabili kwa namna ambayo mpaka leo nikimkumbuka nanyoosha mgongo. Neema ndiye aliyenisukuma niandike. Basi naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wote mnaoingia kwenye kazi ya kupitisha maneno ya watu.

Naitwa Kabula. Nilikuwa opereta wa simu za mbali. Najua mkisikia "opereta" mnadhani ni mtu wa mashine ya kusaga, kwa hiyo acheni nieleze. Hapa mjini mtu aliyekuwa na simu aliweza kumpigia jirani yake mwenyewe, lakini kuvuka maji kwenda Sengerema, Geita au Ukerewe ilibidi apitie kwetu. Anapiga kwetu, au anakuja ukumbini posta, anasema anataka wapi. Sisi tunaandika ombi lake, tunamweka kwenye foleni, na zamu yake ikifika tunachomeka waya huku na waya kule kwenye ile meza ya swichibodi, watu wawili wanazungumza. Laini za kwenda Sengerema zilikuwa tatu. Wilaya nzima, hospitali, misheni, shule, walanguzi wa pamba, wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wanapitia huko, wote hao walitegemea laini tatu. Mvua ikinyesha kwa nguvu zilikuwa mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya sikio. Lazima umsikie mtu anataka nani, na hapa kwetu hilo si dogo, maana kuna wanaosema "l" pale penye "r" na kuna wanaogeuza upande mwingine. Wiki yangu ya kwanza alipiga mzee mmoja kutoka Sengerema akitaka kwa Karoli. Mimi nikasikia Kaloli. Karoli alikuwa fundi baiskeli. Kaloli alikuwa seremala wa majeneza. Mzee akaunganishwa na wa majeneza, akamuuliza kama ile kazi yake imeshakamilika, akasema anavuka leo kuja kuichukua na ataipanda mwenyewe mpaka nyumbani. Kaloli aliweka simu chini akatupigia sisi kulalamika kwamba kuna mtu anamchezea. Chumba kizima kilicheka mpaka taa za swichibodi zikawa zinawaka bila mtu wa kuzijibu.

Aliyeacha kucheka kwanza alikuwa msimamizi wetu, Mama Kemilembe, na ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake.

Alikuwa Mhaya wa Muleba, mwanamke mrefu, Mlutheri wa kwaya, aliyezoea kuvaa sweta la kijani hata siku za joto. Mumewe alikuwa mwalimu. Hakuwa na sauti kubwa, ila alikuwa na sauti ambayo simu iliipenda: akisema jina la mtu upande wa pili wa ziwa lilifika zima, herufi zote zikiwa mahali pake. Siku ile ya majeneza hakunikaripia. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akanifundisha kurudia jina pamoja na kazi ya mtu. Usiseme "Karoli", sema "Karoli wa baiskeli". Nimekaa kazini miaka mingi na sijawahi kukosea jina tena kwa sababu hiyo.

Akanifundisha jingine, gumu zaidi. Swichibodi ilikuwa na kitufe kidogo cha kusikiliza. Unakibonyeza ili kuhakikisha hawa wawili wanasikiana, halafu unakiachia. Yeye alitutaka tukiachie kabla hawajamaliza kusalimiana. Alisema ukimsikia mtu anaamkia shikamoo na mwenzake anajibu marahaba, umeshajua laini ni nzima, yaliyobaki ni yao. Kulikuwa na maopereta mjini waliojua nani anamwacha nani na nani anadaiwa na nani. Chumbani kwetu hatukujua, na tulijivunia kutojua.

Na kuhusu foleni alikuwa na msimamo wake. Kwake simu ilitangulizwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni dharura: mgonjwa, moto, chombo kilichopata ajali majini. Dharura ilipita mbele hata kama mpigaji ni mchunga ng'ombe asiyejua kushika simu. Wengine wote walisubiri zamu, awe ni nani. Alikuwa akituambia kwamba dharura inatokana na jambo lenyewe, haitokani na cheo cha anayepiga.

Sasa, miaka hiyo mambo yalikuwa yamefunguliwa. Maduka yaliyokuwa na sabuni tu yakawa na kila kitu, mabasi ya watu binafsi yakaanza, na ufukweni vikaota viwanda vya minofu ya sangara. Samaki ambaye zamani aliliwa na sisi wenyewe akawa anasafishwa, anagandishwa na kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Vijana walipata ajira. Mimi sitawadanganya kwamba tulichukia viwanda; mdogo wangu alisomeshwa na mshahara wa kiwandani.

Kiwanda kimoja, sitakitaja, kilikuwa na mkuu wa manunuzi aliyeitwa Bwana Sospeter. Alikuwa mtu wa adabu, mchangamfu, anayewajua watu wote kwa majina. Shida yake ilikuwa ya kweli. Samaki hawasubiri. Kila asubuhi alihitaji kujua mialoni upande wa Sengerema, kule mitumbwi inakoshusha samaki, wamevua kiasi gani, ili apeleke barafu na magari ya kutosha kivukoni Kigongo, upande wetu wa maji. Akikosa simu saa mbili, barafu inayeyuka Busisi, ng'ambo ya kivuko, na samaki wanalegea mwaloni. Akaenda kwa meneja wetu na ombi: laini moja kati ya zile tatu iwe ya kiwanda chake kuanzia asubuhi mpaka mchana. Kiwanda kingelipa zaidi, na juu yake kingetuletea viti vipya na hedifoni mpya.

Meneja wetu alikuwa ameambiwa na wakubwa wake kwamba shirika la simu lijifunze kufanya biashara, maana siku za kubebwa na serikali zinakwisha. Kwa hiyo alikubali siku hiyo hiyo. Mama Kemilembe alimweleza kwa nini si vizuri, naye meneja akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ni agizo. Mama akalitii. Viti vilikuja, na kwa kweli vilikuwa vizuri. Hedifoni za zamani zilikuwa zinatuacha na alama masikioni kama hereni. Hizi zilikuwa laini.

Lakini niwaambie kilichokuwa kinauma. Si kwamba Bwana Sospeter alizungumza muda mrefu. Mara nyingi hakuzungumza kabisa. Laini yake ilikaa kimya, taa yake imezimika, na ukumbini watu wamejaa kwenye mabenchi wanasubiri zile mbili zilizobaki. Ukikaa mbele ya swichibodi unaona njia iko wazi, haina mtu, na huruhusiwi kumpitisha yeyote. Ninyi mnaoona michoro ya mtandao kwenye kompyuta zenu mtanielewa.

Asubuhi moja daktari wa Sengerema alipiga. Mama mjamzito alikuwa kwenye gari la wagonjwa njiani kuelekea Busisi, hali mbaya, na daktari alikuwa amesikia kwamba kivuko kinasimamishwa saa ile ile kwa matengenezo. Alitaka Kigongo waambiwe wasikisimamishe. Opereta mwenzetu wa Sengerema alikuwa anajaribu kutufikia na zile laini mbili zilikuwa na watu. Akaamua kupigia kwenye laini ya kiwanda. Mama Kemilembe aliipokea mwenyewe. Hakumtafuta meneja wala hakuuliza mtu. Alichomeka waya, akawapata watu wa kivuko, akarudia ujumbe mara mbili kwa ile sauti yake, akasubiri mpaka akasikia nahodha amekubali kungoja. Mama yule alivuka. Alijifungua salama hapa Mwanza.

Bwana Sospeter alikuta laini yake ina mtu, akalalamika. Meneja akamwita Mama Kemilembe. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimempelekea meneja karatasi za maombi ya simu za siku ile. Bwana Sospeter alipoelezwa kisa chenyewe, aliona haya kabisa, akasema kwa dharura kama hiyo hana neno, watumie tu. Mama Kemilembe alimshukuru, kisha akamwambia kwa upole: "Nakushukuru kwa ruhusa, Bwana Sospeter. Ila fikiria, daktari wa serikali anahitaji ruhusa ya kiwanda cha samaki ili aokoe mgonjwa. Na siku utakayokuwa safarini nimwombe nani?"

Meneja akasema basi, mazungumzo yameisha. Laini ikabaki ya kiwanda.

Athari ya pili ilichukua muda kuonekana. Kiongozi wa wavuvi upande ule alikuwa Mzee Magesa, Mjita, mtu mfupi mwenye subira. Kila asubuhi alikuwa anaendesha baiskeli kutoka mwaloni mpaka posta ya Sengerema, anapigia kiwanda hiki, anapigia kile, anauliza bei, anarudi kuwaambia wavuvi wenzake wamwuzie nani. Sasa zamu yake ya simu ikawa inamfikia adhuhuri. Viwanda vingine navyo vilimtafuta asubuhi vikamkosa. Kufikia saa ile samaki wamelegea, na aliyekuwa amesimama mwaloni na barafu na bei mkononi ni wakala wa Bwana Sospeter peke yake. Wavuvi wakauza kwa bei aliyotaka yeye. Sidhani Bwana Sospeter alipanga hivyo tangu mwanzo. Aliomba laini kwa ajili ya barafu. Lakini alipoona inamletea na bei nzuri, hakuirudisha.

Mzee Magesa hakuwa mtu wa fujo. Alivuka maji akaenda kushtaki kwa afisa mmoja mkubwa wa serikali hapa mjini, ambaye naye sitamtaja. Na yule afisa, tumpe haki yake, aliguswa. Alikuja posta akiwa na hasira za kweli kwa niaba ya wavuvi. Akamwambia meneja mbele yetu kwamba njia za simu ni mali ya wananchi na haiwezekani tajiri mmoja azifunge. Sisi maopereta tulitazamana tukitabasamu. Mimi nilitaka kupiga makofi.

Kisha akaendelea. Kuanzia kesho, alisema, laini ile itakuwa chini ya ofisi yake. Ofisi yake ndiyo itakayosema nani apewe na saa ngapi. Tena, kwa kuwa wavuvi walikuwa wanazungumza habari za kugoma, opereta awe anasikiliza simu za Mzee Magesa na kumpa taarifa. Na wakianza maneno ya mgomo, laini ikatwe.

Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Kemilembe alisimama kutoka kwenye kiti chake, si kwa haraka. Alimwamkia upya, kama ndiyo kwanza anaingia. Halafu akasema:

"Mheshimiwa, Bwana Sospeter alitaka njia iwe ya kiwanda. Wewe unataka iwe ya ofisi yako. Na mama aliyeko pale benchi, anayemuulizia mwanawe aliyelazwa Sengerema, njia yake ni ipi?"

Afisa akamwambia serikali ndiyo inayomwangalia huyo mama. Mama Kemilembe akajibu kwamba anaamini hivyo, na ndiyo maana anaomba serikali imwekee huyo mama zamu yake na isiiguse. Kuhusu kusikiliza simu, alisema hawezi kumwagiza opereta wake afanye hivyo. Kama Mzee Magesa ana kosa, hakimu yupo, aandike amri, na hiyo atampelekea meneja. Bila hakimu, Mzee Magesa ni mteja kama wateja wengine.

Afisa alimuuliza kama anaipenda kazi yake. Akasema anaipenda sana. Afisa akaondoka.

Nyote mnaofikiria watu jasiri huwa wanapiga meza, mngemwona siku ile mngeshangaa. Alirudi kwenye kiti akapokea simu ya Geita iliyokuwa inawaka.

Kesho yake alifika mapema kuliko sisi sote. Tulipoingia tukakuta ubao wa shule umeegemezwa ukutani ukumbini, mahali ambapo kila mtu anauona. Aliuazima kwa mumewe. Aliufuta vizuri akachora safu: namba ya zamu, simu inatoka wapi, inakwenda wapi. Hakukuwa na majina, kwa sababu nani anampigia nani si habari ya ukumbi. Juu yake aliandika kwamba laini za Sengerema ni tatu, zote zinafuata zamu hii, na dharura ya mgonjwa, moto au ajali ya majini hupita mbele. Kila mazungumzo dakika tatu kama kuna wanaosubiri. Karani wa ukumbini alikuwa anafuta na kuandika kadiri tulivyomwambia kupitia kidirisha. Simu zilizoombwa kutoka maofisini ziliandikwa pia. "Kiwandani kwenda Sengerema." "Misheni kwenda Sengerema." "Ukumbini kwenda Sengerema."

Ubao tu na chaki. Lakini kaeni mfikirie ulichofanya. Siku zote foleni ilikuwa ndani ya chumba chetu, mteja anaambiwa "subiri" na hajui anamsubiri nani. Sasa foleni ilikuwa mbele ya macho ya watu, na watu wakaanza kuilinda wenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anawasomea wasiojua kusoma. Mtu akijaribu kuchomeka jina la mkubwa wake kwa karani, benchi zima linageuka kumtazama.

Meneja alipofika akaambiwa habari za ubao. Alitoka nje akiwa tayari kuuondoa. Niliona mkono wake umeshaenda kuushika. Ukumbi mzima ukamgeukia. Hakuna aliyemtukana wala kumzuia. Walimtazama tu. Yule mama wa benchi, ambaye sasa alikuwa zamu ya pili, alimuuliza kwa heshima, "Baba, kuna kilichobadilika?" Meneja akasogeza ubao kidogo, kama vile ulikuwa umekaa upande, akarudi ofisini kwake.

Saa tatu hivi akaja Bwana Sospeter. Alikuwa ameomba simu kutoka kiwandani akaambiwa zamu yake ni ya sita, hakuamini, akaja kujionea. Akasoma ubao. Akaona kweli yeye ni wa sita, na kwamba wa tano ni kiwanda kingine cha minofu, na wa kwanza ni ukumbini. Kisha akakaa kwenye benchi kuhakikisha hakuna anayemruka. Hilo lilinifurahisha. Mtu aliyekuwa anaruka foleni alikuwa amekuja kuilinda.

Haikupita muda mrefu gari la serikali likasimama nje. Yule afisa alikuwa ameomba simu ya Sengerema kutoka ofisini, na opereta aliyepokea alikuwa mimi. Nilimwambia zamu yake ni ya tisa. Akakata. Sasa alikuwa ukumbini, dereva wake nyuma yake, anautazama ubao, na palikuwa pameandikwa "Serikalini kwenda Sengerema" chini ya "Misheni". Mama Kemilembe alitoka kwa mlango wa pembeni, chaki bado iko mkononi, akamwamkia. Afisa akamuuliza kama simu yake ni ya dharura au si ya dharura. Nadhani alitaka amjaribu.

Mama Kemilembe akamjibu, "Wewe ndiye unayejua, mheshimiwa. Kuna mgonjwa, moto, au ajali majini? Ukisema ipo, nakuunganisha sasa hivi na siulizi zaidi."

Angeweza kusema ipo. Hakuna ambaye angembishia, hata sisi tusingembishia. Aliutazama ubao, akatazama benchi lililojaa. Mwisho wa benchi alikuwa ameketi Mzee Magesa mwenyewe, aliyelala mjini akingoja majibu ya mashtaka yake, na pembeni yake Bwana Sospeter. Mzee Magesa akajisogeza, akapiga benchi kwa kiganja mara moja, akasema, "Karibu ukae, mheshimiwa. Hii inakwenda haraka kuliko unavyodhani."

Akakaa. Katikati ya hao wawili.

Mimi nilikuwa nawaona kupitia kidirisha. Mwanzoni kila mmoja alitazama mbele kama watu kanisani. Halafu Bwana Sospeter akasema kitu kuhusu barafu, Mzee Magesa akamjibu, afisa akauliza swali. Zamu ya sita ilipofika, karani alimwita Bwana Sospeter mara mbili ndipo akasikia. Baada ya siku chache tukasikia kwamba viwanda vyote vitatoa bei saa saba mchana kila siku kabla ya wavuvi kutoka tena, na kwamba gari la barafu litapewa nafasi ya kudumu kivukoni safari ya kwanza. Mgomo haukuwepo. Sisemi ubao ndio uliofanya yote hayo. Nasema kama kila mmoja angekuwa na laini yake, wasingekaa benchi moja.

Alipomaliza simu yake, afisa alimwambia meneja kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba ubao huu usiguswe. Tulifurahi. Chumbani tulianza kucheka na kupongezana, na hapo ndipo Mama Kemilembe alinifundisha jambo la mwisho katika kazi hii. Alisema hataki uwe hauguswi kwa sababu mheshimiwa amesema. Leo ana moyo mzuri amesema usiguswe, kesho akija mwingine atasema uguswe. Mchana ule ule alikwenda kwa meneja akaomba iwe kanuni ya kituo, iandikwe na kubandikwa ukutani: laini zote kwa zamu, dharura ni zipi, mazungumzo hayasikilizwi bila hakimu. Iwe inamfunga meneja, inamfunga opereta, inamfunga mteja mkubwa na mdogo, hata yeye mwenyewe. Meneja, ambaye nafikiri alikuwa amechoka kuwa katikati ya watu wenye nguvu, aliikubali kwa furaha kuliko nilivyotarajia. Ikawa ngao yake. Baadaye akija mtu na maombi ya chinichini, alikuwa anaonyesha kidole ukutani na kusema hana uwezo.

Bwana Sospeter hakuchukua viti vyake. Nilidhani atavichukua.

Lakini msidhani hadithi za kazi huisha kwa watu wema kupewa maua. Kabla mwaka haujaisha, Mama Kemilembe alipata uhamisho kwenda Musoma, kituo kidogo kuliko chetu. Hakuna aliyeeleza sababu. Mumewe alibaki hapa na shule yake mpaka naye alipohamishwa. Mama aliaga chumba kizima kwa kushika mkono wa kila mmoja, akaniachia sweta lake kwa sababu chumba chetu asubuhi kilikuwa cha baridi, na mimi nikapewa kiti chake. Ubao ulikaa ukutani mpaka Sengerema walipowekewa mitambo ya kujipigia wenyewe, na kufikia siku hizo shirika lenyewe lilikuwa limeshagawanywa na wawekezaji wanapita kukagua. Mmoja wao aliuliza ubao huu ni wa nini. Nilimweleza. Akasema ni kitu kizuri sana, ila atafikiria.

Kwa hiyo Neema, na wenzako, mkiona mjadala wenu unagawanyika kati ya wanaosema kampuni iamue na wanaosema serikali iamue, kumbukeni mwanamke aliyewaweka wote wawili kwenye foleni asubuhi moja, bila kumchukia yeyote kati yao. Alijua tunahitaji kiwanda na tunahitaji serikali. Alitaka tu wote wawili wapitie palepale tunapopitia sisi.

Nilimtembelea mara moja baada ya kustaafu kwake, nyumbani Muleba. Alikuwa amezungukwa na migomba na kahawa, kiziwi kidogo wa sikio la kulia, lile la hedifoni. Tulikula, tukaimba nyimbo mbili za kwaya, na nikamuuliza swali nililokuwa nimelibeba miaka yote: siku ile afisa alipomuuliza kama anaipenda kazi yake, hakuogopa?

Alicheka mpaka akafuta macho.

"Niliogopa vibaya, Kabula," akasema. "Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nilifika nyumbani nikaunguza ndizi, sufuria nzima, na mume wangu akala bila kuuliza. Nililala macho wazi nikifikiri nitasema nini nikifukuzwa. Halafu kukapambazuka, nikakumbuka ukumbini kuna watu wanasubiri Sengerema."